Sura ya Sita: Mlima Hanang Uliovuta Mabehewa

Babati haina reli na haijawahi kuwa nayo. Hata hivyo, barabara tatu za lami zinazokutana mjini hapa, kila moja ukiifuata vya kutosha, itakufikisha kwenye stesheni ya treni. Ya kaskazini inakwenda Arusha, ambako reli ilifika Desemba 1929 ikitokea Moshi. Ya kusini inapita Bonga na Kondoa hadi Dodoma, ambako Wajerumani walifikisha reli yao ya kati mwaka 1910. Ya magharibi inapita Katesh, chini ya Mlima Hanang, hadi Singida. Huko Waingereza walitandika tawi kutoka Manyoni hadi Kinyangiri katika miaka ya 1930, wakaling'oa katika miaka ya 1940, na ikachukua miaka mingi kabla treni haijafika tena mjini Singida. Sisi tumebaki katikati. Mahindi yetu, mbaazi zetu na ng'ombe wetu vinasafiri kwa lori, na watoto wengi wa hapa hulijua garimoshi kwa picha ya kitabu cha shule kabla ya kuliona kwa macho.

Mtu wa namna hiyo akiingia makumbusho ya reli huingia bila kumbukumbu ya kufufua. Hana babu aliyekuwa gadi, wala hakulala utotoni akisikia honi ya usiku. Mtu wa Tabora, wa Voi au wa Tororo huenda pale kutafuta ujana wa baba yake. Wa kwetu huuliza tu: chuma hiki kililetwa kwa ajili ya nani, kilipita wapi, na kwa nini hakikupita kwetu? Mimi nadhani hayo ndiyo maswali bora ya kuingia nayo.

Makumbusho ya kwanza ya kwenda ni yale ya Nairobi. Kutoka Babati unapanda basi hadi Arusha, kiasi cha kilomita 170, kisha Namanga, kisha Nairobi. Yako nyuma ya stesheni ya zamani ya reli, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka katikati ya jiji. Yalifunguliwa mwaka 1971 na Shirika la Reli la Afrika Mashariki, wakati ambapo Kenya, Uganda na Tanzania bado zilikuwa na reli moja, shirika moja na ratiba moja. Kuna ukumbi mdogo wenye vifaa vya stesheni, simu za zamani, saa, picha, na vyombo vya mezani vya mabehewa ya chakula. Upite ukumbi huo bila kuchelewa. Mambo yenyewe yako uani.

Uani kuna injini za mvuke zimesimama juani, nyingine zikiwa na kutu, nyingine zimepakwa rangi upya. Baadhi ya mabehewa ya pembeni wasanii wa Nairobi wameyafanya studio, na michoro yao inapanda hadi juu ya mapaa. Wapo wanaosema huko ni kuyachafua makumbusho. Sioni ubaya: behewa linalofanyiwa kazi haliozi upesi kama linalofungiwa.

Usiipite haraka injini namba 5918. Ina urefu wa zaidi ya mita 30 na uzito wa tani zipatazo 250. Ubavuni ina kibao chenye jina: Mount Gelai. Jirani yake katika ukoo huo ni namba 5930, Mount Shengena. Gelai ni mlima wa upande wa Ziwa Natron, katika nchi ya Wamasai. Shengena ni kilele cha juu kabisa cha milima ya Upare. Mtanzania aliyevuka mpaka wa Namanga kwenda kuangalia reli ya Kenya anajikuta anasoma majina ya milima ya kwao.

Injini za aina hiyo, ambazo wafanyakazi waliziita daraja la 59, zilikuwa 34 tu. Zilitengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, na kila moja ikapewa jina la mlima, isipokuwa chache zilizopewa safu ya milima au kreta. Kulikuwa na Kilimanjaro, Kenya, Elgon, Meru, Longido, Monduli, Oldeani, Kitumbeine, Rungwe na Uluguru. Na kulikuwa na Hanang.

Hanang huo huo, mlima wa mita zaidi ya 3,400 ambao siku ya anga safi huonekana kutoka huku kwetu, na ambao nchi nzima ililitaja jina lake kwa huzuni Desemba 2023, maporomoko ya tope yalipoua watu Katesh. Mlima ambao mpaka leo hauna reli chini yake ulivuta mizigo kutoka bandari ya Mombasa kwenda Nairobi kwa karibu miaka 20. Usiutafute uani. Kati ya injini 34, zilizobaki ni hizo mbili, Gelai na Shengena. Nyingine zote, Hanang ikiwamo, zilikatwakatwa zikawa chuma chakavu.

Kwa nini injini kubwa kiasi hicho? Jibu liko kwenye upana wa reli na kwenye mwinuko. Reli yetu ya zamani, ya Waingereza kutoka Mombasa na ya Wajerumani kutoka Tanga na Dar es Salaam, ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Ni nyembamba, ina kona nyingi, na haikujengwa kubeba uzito mkubwa mahali pamoja. Kutoka Mombasa kwenda Nairobi unapanda kutoka usawa wa bahari hadi mita zaidi ya 1,600, katika njia ya kilomita 530. Baada ya Vita Kuu ya Pili mizigo ilirundikana bandarini Mombasa na treni hazikufua dafu. Ukiongeza ukubwa wa injini ya kawaida, inakuwa nzito mno kwa reli na ndefu mno kwa kona.

Suluhisho lilikuwa limebuniwa zamani na Mwingereza Herbert William Garratt, na injini za kwanza za mtindo wake zilikwenda Tasmania mwaka 1909. Badala ya kuweka tanuri la maji juu ya magurudumu, alilining'iniza kati ya vigari viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, kila kimoja kikiwa na silinda zake na magurudumu yake. Ni kama watu wawili wanaobeba mzigo kwenye mti mabegani: njia ikipinda, kila mmoja anageuza miguu yake, na mzigo unakata kona katikati yao. Uzito unagawanyika kwenye magurudumu mengi, reli haiumii. Na kwa kuwa chini ya tanuri hakuna gurudumu, fundi anaweza kulifanya nene na sehemu ya moto kuwa pana atakavyo, na mvuke ndiyo nguvu. Simama katikati ya Mount Gelai, inama, utazame chini ya tumbo lake: utaona uwazi, na upande wa pili wa uani. Hapo utaelewa kuliko kwa maelezo yangu.

Daraja la 59 halikuchochewa kwa makaa ya mawe bali kwa mafuta mazito, maana Afrika Mashariki haikuwa na machimbo ya makaa karibu na njia hiyo. Zilitajwa kuwa injini za mvuke kubwa na zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutembea kwenye reli ya mita moja popote duniani. Madereva wake, wengi wao Makalasinga, walikuwa wakishindana kuzisugua shaba zake hadi zing'ae. Mtu asiyejua reli anaweza kudhani ni majivuno. Mimi naona ni haki: ukikabidhiwa tani 250 na mzigo wa zaidi ya tani elfu moja nyuma yake, usiku, katika nyika ya Tsavo, lazima ujue kila skrubu.

Turudi kwenye majina, kwa sababu hapo ndipo makumbusho haya yanaposema zaidi ya vile yalivyokusudia. Shirika lilikuwa na mtindo wa kuzipa injini majina kwa makundi. Kundi moja la injini za wastani lilipewa majina ya makabila: daraja la 29 kwa Kenya, la 30 kwa Tanganyika, la 31 kwa Uganda. Uani Nairobi iko namba 3020, Nyaturu. Ni jirani zetu wa Singida, watu tunaokutana nao kwenye minada ya ng'ombe kila mwezi, na jina lao limekaa ubavuni mwa injini nchi nyingine. Injini hiyo ilikuwa miongoni mwa chache zilizofufuliwa zikatembea tena kwa mvuke, kwa kuwa uani huo bado ulikuwa umeunganishwa na njia kuu.

Kundi lingine, daraja la 60, nalo la mtindo wa Garratt lakini dogo zaidi, lilipewa majina ya magavana. Iliyobaki Nairobi ni namba 6006, iliyoitwa Sir Harold MacMichael, gavana wa Tanganyika katika miaka ya 1930. Ukiikagua usitarajie kibao hicho mahali pake pa zamani. Baada ya uhuru vibao vya magavana vilibanduliwa kwenye injini zote. Milima haikuguswa, wala makabila. Sijui kama kuna amri ya kisiasa ya miaka ile iliyotekelezwa kwa bisibisi safi kuliko hiyo. Wakubwa wa shirika waliona kwamba gavana anaweza kuondoka na treni ikaendelea, lakini Elgon na Meru hawana pa kwenda.

Watalii wengi, hasa wa mbali, hukimbilia behewa lililomponza Charles Ryall. Ni kisa cha Juni 1900, stesheni ya Kima. Simba alikuwa anakula watu, Ryall aliyekuwa ofisa wa polisi akaja na wenzake wawili kumvizia kutoka ndani ya behewa, akapitiwa na usingizi zamu yake, simba akaingia na kumtoa kupitia dirishani. Behewa lipo, unaweza kupanda na kupima dirisha kwa mkono. Watu hukichanganya kisa hicho na kile cha simba wawili wa Tsavo waliouawa na John Patterson Desemba 1898. Hao ngozi zao ziliuzwa miaka ya 1920, na leo wamesimama kwenye makumbusho ya Field huko Chicago. Kwa hiyo ukitaka simba unakwenda Marekani, ukitaka behewa unakwenda Nairobi, na ukitaka majina ya vibarua wa Kihindi na wa Kiafrika walioliwa, utatafuta sana. Makumbusho mengi ya reli duniani yana kasoro hiyo: yanamkumbuka aliyekuwa ndani ya behewa, si aliyelala kwenye hema kando ya mataruma.

Sasa, kwa nini Gelai, Shengena na Nyaturu wako Kenya? Reli za Wajerumani na za Waingereza zilikuwa mbali mbali hadi Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la Waingereza lilitandika njia kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe, karibu na Moshi, ili kumfuata Mjerumani, na kwa bahati pande zote mbili zilikuwa zimechagua upana uleule wa mita moja, kwa hiyo behewa la Mombasa likaweza kuingia Moshi bila taabu. Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na za Tanganyika kuwa shirika moja. Mwaka 1963 kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kiliunganisha njia ya kati na ya Tanga, na tangu hapo mtandao mzima ukawa kitu kimoja. Makao makuu yalikuwa Nairobi, na injini za mvuke zilipostaafishwa katika miaka ya 1970 huko ndiko zilikopewa uani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilibaki na kilichokuwa ndani ya mipaka yake. Kwa maneno mengine, Kenya haikutunyang'anya milima. Ilikuwa imeegeshwa kwao siku mlango ulipofungwa. Jumuiya mpya ina jengo lake zuri Arusha, lakini ile ya zamani, ukitaka kuigusa kwa kiganja, iko nyuma ya stesheni ya Nairobi. Uganda nao wamefungua makumbusho yao ya reli mjini Jinja mwaka 2022, kwa hiyo urithi ule wa pamoja unazidi kugawanywa vizuri.

Treni za mjini, zile ambazo Wazungu huziita tramu, ni habari nyingine, na hapa lazima uende pwani. Makumbusho yake hayapo. Inabidi uyatembee mwenyewe kichwani.

Reli ya kwanza Afrika Mashariki haikuwa ya Mombasa. Ilikuwa Zanzibar. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alitandika mwaka 1879 njia nyembamba kutoka kasri yake mjini hadi kasri ya Chukwani. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 ikaletwa injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Ilikuwa chombo cha mtu mmoja na jamaa zake, na alipofariki haikudumu. Wananchi wa kawaida walipata treni yao baadaye, mwaka 1905, Wamarekani wa kampuni ya Arnold, Cheney walipojenga njia ya kilomita 11 hivi kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu. Treni ile ilipita katika mitaa myembamba ya mji, karibu sana na kuta za nyumba. Serikali iliinunua mwaka 1911, ikaacha kubeba abiria mwaka 1922 magari yalipozidi, ikatumika kubeba mawe ya ujenzi wa bandari, kisha ikafa. Ukiingia Ngome Kongwe leo kuona ngoma za tamasha, kumbuka kwamba ndani ya kuta zile palikuwa karakana ya garimoshi.

Mombasa nayo ilikuwa na kitu ambacho wageni wa leo huona vigumu kukiamini. Kuanzia miaka ya 1890 mji ulikuwa na reli nyembamba barabarani, kutoka Kilindini hadi upande wa Mji wa Kale, na matawi yake yaliingia hadi milangoni mwa nyumba za wakubwa. Juu yake vilipita vigari vyenye kiti na paa la turubai. Havikuwa na mvuke, wala umeme, wala nyumbu. Vilisukumwa na watu, waliokimbia nyuma yake na kurukia kwa nyuma kwenye mteremko. Ofisa mwenye cheo alikuwa na kigari chake na wasukumaji wake waliovaa sare. Mtindo huo uliisha magari yalipoingia, katika miaka ya 1920. Natamani kigari kimoja cha namna hiyo kingewekwa mahali pa wazi, bila maelezo marefu. Injini kubwa ya Manchester inamfanya mtazamaji astaajabie ufundi. Kigari kile kingemfanya aulize mishahara.

Wanaodhani makumbusho huanza kwa bajeti ya wizara wajifunze kwa kilichofanywa na vijana wachache katika jimbo la Maine, Marekani. Mwaka 1939, tramu za mji mdogo zilipokuwa zinaondolewa ili mabasi yaingie, walichanga dola 150 wakanunua gari moja la wazi, namba 31, kabla halijauzwa kama kuni na chuma. Hawakuwa na jengo. Walilipeleka shambani. Kutoka gari hilo moja limekua Seashore Trolley Museum, mojawapo ya makumbusho makubwa ya tramu duniani, yenye magari kutoka nchi mbalimbali, na mengine bado yanatembea. Bulawayo, Zimbabwe, na Livingstone, Zambia, nako kuna makumbusho ya reli yanayostahili safari, hasa kwa mtu anayepita reli ya TAZARA. Lakini kisa cha Maine ndicho ningemsimulia diwani yeyote wa Tabora au wa Korogwe.

Kwa mtu wa Babati asiye na nauli ya Nairobi, Jinja wala Maine, ipo safari ya karibu, na mimi naipendelea kuliko nyingine zote. Panda basi la alfajiri kwenda Dodoma. Barabara hii ya kilomita 251 ilizinduliwa rasmi Aprili 2018 hapo Bonga, na kabla yake safari hiyo wakati wa mvua ilikuwa adhabu. Saa sita mchana utakuwa mjini. Nenda kwanza stesheni ya zamani, ya reli ya mita moja, ukaone njia iliyofika Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita. Kisha panda treni ya umeme ya reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Daraja la kawaida linatosha. Omba kiti cha dirishani na usilale kabla ya Morogoro.

Sehemu ya kukodolea macho ni Kilosa. Wajerumani, kwa kuwa kuchimba miamba kulikuwa ghali, walilifuata bonde la mto Mkondoa, na mto umekuwa ukiwadai kodi waliofuata tangu hapo: kila mvua kubwa inapokuja, tuta linakwenda na maji, na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliikata njia hiyo vibaya sana. Wahandisi wa reli mpya waliinua njia yao wakaingia milimani kwa mahandaki manne. Katikati ya handaki na handaki, kwa sekunde chache, utaona bonde lote, na chini kabisa reli ya 1910 inapinda pamoja na mto. Usishangae ukiona treni ya mizigo imesimama huko inasubiri njia itengenezwe.